Roketi ya Uji

Jumatatu, 3 Juni
Mtoto mdogo hakulala. Mimi pia. Makandi wangu amekuja na kazi ya shule: roketi ya chupa ya soda, maji kidogo, pampu ya baiskeli. Ijumaa wazazi tunaitwa. Itakayopaa juu zaidi, mwenyewe anaenda maonyesho Embu. Mwaka jana kinu chake cha upepo kilianguka mbele ya wote. Walimcheka hadi akala chakula peke yake. Safari hii hapana! Nimemwambia roketi ni mzigo wangu. Eti mwalimu anataka wafanye wenyewe. Mwalimu alimzaa?

Jumanne, 4 Juni
Jaribio la kwanza, nyuma ya zizi. Nilichonga kizibo cha gunzi, kama cha kibuyu, nikapitisha valvu katikati. Nikapampu. Roketi ikahema kama mzee anayepanda mlima, ikaketi. Makandi akasema hewa inapenya kwenye gunzi, tutumie mpira wa ndala. Mama Kiende, jirani, akachungulia juu ya ua akauliza kama ninachemsha chai. Eti ya Kiende wake imepita mukima, ule mti mrefu wa mpakani. Uongo!
(Niliiona. Ilipita.)

Jumatano, 5 Juni
Akili imenijia nikikoroga uji. Kibuyu cha mama mkwe, uji ukichacha, hurusha gunzi hadi darini. Na hakuna anayepampu! Je, uji na pampu pamoja? Nimejaza chupa pomoni, nikaiweka karibu na jiko. Makandi akanikumbusha: maji tu, theluthi ya chupa. Nikamjibu hakuna pikapu inayofika Nairobi na theluthi ya tangi. Kizibo nimekizungushia mpira wa tairi, nikakaza na waya. Hewa haitoki hata ikiomba.

Ijumaa, 7 Juni
Aibu. Aibu tupu.
Kizibo kilitakiwa kutoka ndipo roketi iende. Mimi nilikuwa nimekifunga na waya. Nikapampu, chupa ikavimba kama shavu la jino bovu. Makandi akasema, “Mami, wacha.” Nikasema moja tu ya mwisho.
Ilipasukia hapo hapo chini. Uji kwenye suti ya mwalimu mkuu. Uji kwenye nywele za Mama Kiende, zilizosukwa jana. Pasta akanusa, akauliza kwa upole kama ni pombe. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Makandi hakulia. Alinifuta shingo kwa sweta yake mbele ya watu wote. Hapo ndipo nilipotamani ardhi inimeze.
Kisha akatoa chupa nyingine kwenye mkoba. Maji theluthi. Kizibo cha ndala. Ndala yangu, niliyoitafuta wiki nzima! Ikapita bendera, ikapita ya Kiende, ikaangukia shamba la watu. Anaenda Embu. Nililia, na mtoto mgongoni akalia.

Jumapili, 9 Juni
Baada ya kanisa nimemwomba msamaha. Nimeapa sitaigusa. Akanikumbatia, akasema asante mami, lakini roketi ameipeleka ikae kwa Mama Kiende mpaka siku ya Embu. Kwa Mama Kiende! Imenichoma. Lakini nimejitakia.
Jioni nimeenda huko kuomba chumvi. Iko juu ya kabati, imefunikwa kitambaa. Inaonekana nyembamba, maskini. Embu wengine watakuja na roketi kubwa kubwa. Kesho asubuhi na mapema Mama Kiende anaenda soko la Kiirua.
Chumvi ninayo tele. Uji nimeshaufunika ili uchache.