Kamwashie Taa Mama Yako

Jamani, leo nimevuliwa nguo mchana kweupe. (Kwa maneno. Msianze kuulizana.) Naandika hapa kwenye kundi letu kabla hamjaletewa na wengine, maana Babati ni ndogo na mdomo wa kata yetu ya Maisaka hauna geti. Nina hasira mpaka sasa hivi. Nina hasira na Baba Neema, nina hasira na trafiki, nina hasira na aliyegundua simu yenye spika. Na mimi mwenyewe nimo, ila niwekeni mwishoni.

Mnajua nimehama. Kwa ambaye hajui: kwenye harusi ya mdogo wake, Baba Neema alipewa maiki atambulishe familia. Akafika kwangu. Badala ya kutaja jina na kukaa chini, akasema, "Huyu ni mke wangu, namfundisha gari. Anaendesha kama anapalilia mahindi." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mama mkwe alicheka mpaka akavua miwani afute machozi. Mimi nimeshika sahani ya pilau, natabasamu kwa nguvu mpaka mashavu yanauma. Kesho yake nikamchukua Neema, nikachukua nguo zetu, nikachukua na gari (hela ya vitunguu saumu vyangu imo humo, asiniletee maneno), nikaenda Bonga kwa dada yangu.

Halafu nikapeleka malalamiko baraza la usuluhishi la kata. Nilitaka kitu kimoja tu. Alinidhalilisha mbele ya watu, basi aniombe msamaha mbele ya watu. Kwa sauti! Akikataa, baraza liandike kwamba limeshindwa kutupatanisha, mimi niende mahakamani nikadai talaka. Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Nilikuwa nimepanga maneno yangu mpaka pale pa kunyamaza kidogo.

Sasa, leseni. Ninayo ya kujifunzia. Ukiwa na hiyo ni lazima pembeni yako akae mtu mwenye leseni kamili, na nyuma ya gari kuna ile L nyekundu ya aibu. Siku zote hizi alikuwa anakaa shemeji, mume wa dada. Lakini shemeji anafuatilia pasi ya kusafiria, na leo aliitwa uhamiaji. Dada akaniambia, "Si upande bodaboda tu?"

Bodaboda! Nifike mbele ya baraza nimejaa vumbi, nimeng'ang'ania sketi, na Baba Neema amesimama mlangoni ananiangalia? Nilitaka anione naingia naendesha mwenyewe, nageuza, napaki. Nikamwambia dada, "Leo hapalilii mtu." Nikawasha gari, nikaondoka peke yangu.

Gari lilikwenda vizuri, naapa. Nilikuwa narudia hotuba yangu kwa sauti, mikono kwenye usukani. Mara lori la mbao linatoka mjini, linakuja usoni kwangu, likaniwashia taa. Pa! Pa! Nikashtuka. Nikajitazama, labda nimeacha mlango wazi. Mlango umefungwa. Nikasema, huyu ameona mwanamke kwenye usukani, ameona na nywele nimesuka, basi. Wanaume.

Likaja kosta. Taa. Pa! Pa! Na dereva akanyoosha mkono kuniashiria chini, chini. Nikasema, sawa, na huyu naye. Akaja wa bodaboda, hana taa ya maana, akaniashiria kwa kidole kuonyesha nyuma alikotoka. Nikasema ananiambia nirudi nyumbani nikapike! Hapo ndipo damu ilipochemka. Nikaona wote hawa walikuwepo ukumbini siku ile. Wote ni Baba Neema, ila wamepewa magari tofauti. Nikakanyaga mafuta.

Ikaja pikapu ya kijani, kuukuu. Inatembea polepole, dereva mzee mwenye kofia ya pama. Nikamwangalia, nikasema moyoni, na wewe mzee mzima jaribu. Akajaribu! Pa! Pa! Tena na tabasamu juu.

Nilishusha kioo. Nikatoa kichwa. Nikapiga kelele kwa pumzi yote niliyokuwa nimeiweka akiba kwa ajili ya baraza:

"Kamwashie taa mama yako!"

Ah, niliburudika. Sitawadanganya. Niliburudika kabisa mpaka nilipokata kona na kuwakuta trafiki wamejaa barabarani.

Nikapungiwa mkono, nikasimama. Nikategemea mwanaume nianze naye upya. Alikuwa trafiki wa kike, mrefu, sare imenyooka, wala hacheki. Akatazama L. Akatazama kiti cha pembeni. Kwenye kiti cha pembeni kulikuwa na pochi yangu.

"Leseni." Nikampa. "Aliyekusindikiza yuko wapi?"

"Dada yangu, wewe ni mwanamke mwenzangu," nikaanza, "nawahi baraza, mume wangu..."

"Mwanamke mwenzio anataka mtu mwenye leseni akae hapo. Na mwendo wako ulikuwa wa kukimbiza mgonjwa." Akaanza kuniandikia. Halafu akaniuliza, na hapa alionekana anataka kujua kweli, "Kwani hukuwashiwa taa?"

"Taa za nini?"

"Mama, watu wote wanafika hapa wanatembea taratibu kama wanasindikiza bibi harusi, kwa sababu wenzao wamewawashia taa kwamba tupo mbele. Sisi tunajua. Leo umekuja mtu mmoja na kasi yake. Nikasema huyu ama mgeni, ama ana hasira."

Miaka yote nimepanda gari na Baba Neema, anawasha taa, anawashiwa, na mimi nipo pembeni nabishana naye. Sikuwahi kuuliza. Lori, kosta, bodaboda, wote walikuwa wananisaidia. Na yule mzee naye. (Nikajisemea, nitamwona wapi tena?)

"Gari haiondoki hapa," dada trafiki akasema, "mpaka aje mwenye leseni akae pembeni."

Nikampigia shemeji. Akapokea kwa kunong'ona, "Shemeji, niko kwa afisa uhamiaji, nimebanwa. Ananiuliza bibi yangu alizaliwa wapi."

"Mwambie ukweli uje upesi!"

"Bibi mwenyewe hakujua!" Akakata.

Nikafikiria watu wote ninaowajua wenye leseni na ambao muda ule wanaweza kuja. Nilimpata mmoja. Alikuwa ameshafika barazani, ananisubiri. Nadhani mnaelewa jinsi kidole kilivyokuwa kizito kubonyeza lile jina.

"Nakuja," akasema. Basi. Wala hakuuliza. Lakini baadaye nikajua kwamba aliwaaga wajumbe kwa sauti yake ile ile ya maiki: "Samahanini wazee, mke wangu kashikwa na trafiki, ngoja nikamtoe." Kwa hiyo baraza zima, na watu waliopanga foleni nje kwa mtendaji, walijua kabla sijafika.

Akaja kwa bodaboda, amejaa vumbi. (Hilo tu ndilo lilinipa faraja leo.) Akamsalimia trafiki, akatoa leseni yake, akaingia kiti cha pembeni, akaweka pochi yangu mapajani. Nikaondoa gari. Hakusema neno mpaka Maisaka. Mimi nilikuwa namwombea aseme, hata moja, nimlipukie. Wapi! Alitazama mbele, lakini mguu wake ulikuwa unakanyaga breki ambayo upande wake haipo.

Nikaingia kwenye uwanja wa ofisi ya kata. Nikageuza vizuri. Nikapaki vizuri, katikati kabisa. Hakuna aliyeona, maana wajumbe walikuwa wameshaingia ndani na foleni ilikuwa imegeukia mlango wa mtendaji.

Tukaingia. Meza ndefu, wajumbe wamekaa, mama mmoja wa kanisani, wazee wawili, na katikati mwenyekiti. Malalamiko yangu nilimkabidhi katibu, mwenyekiti sikuwa namjua kwa sura. Juu ya meza mbele yake kulikuwa na kofia ya pama.

Nikajiambia pama ziko nyingi. Nikajiambia nusu ya wazee wa Manyara wanavaa pama.

"Shikamoo mwenyekiti."

"Marahaba," akasema, akanitazama muda mrefu. "Mama Neema, karibu. Tuambie shida yako."

Nikaongea. Jamani, niliongea! Nilisema kumdhalilisha mtu mbele ya wenzake ni ukatili. Nilisema ulimi hauna mfupa lakini unavunja. Nilinyamaza pale pa kunyamaza. Nilisema, "Mimi ni mtu wa heshima. Katika maisha yangu sijawahi kumtolea mtu neno chafu." Yule mama wa kanisani akatikisa kichwa, akasema, "Pole mwanangu." Baba Neema ameinamisha uso. Nikaona nimeshinda.

Mwenyekiti akaichukua kofia yake, akaivaa. Taratibu.

"Umesema vizuri sana, Mama Neema," akasema. "Sasa nisaidie jambo moja. Leo asubuhi, barabara ya Bonga, uliona pikapu ya kijani?"

Nikaitazama ile pama.

"Nilikuwa nampeleka mama yangu kwake Bonga. Nikaona binti anakuja mbio, nikasema nimwonye, asije akaumia kwa trafiki. Akaniambia nikamwashie taa mama yangu." Akawageukia wajumbe. "Na mama alikuwa amekaa pale pale pembeni. Akaniuliza, mwanangu, huyo binti anasema niwashiwe nini?"

Yule mama wa kanisani aliufunika mdomo kwa kitenge. Mzee mmoja akajifanya anakohoa. Na Baba Neema, aliyekuwa ameinamisha uso, mabega yake yakaanza kutikisika. Nilitamani sakafu ya kata ipasuke nishuke nayo.

"Mwenyekiti, nisamehe," nikasema. "Sikujua."

"Mimi hukunitukana. Mwenye tusi lake yuko Bonga." Akatoa simu, akapiga, akaweka spika, akailaza mezani. "Mama, yule binti wa taa yupo hapa. Anataka kukuomba radhi."

"Shikamoo bibi," nikasema.

"Eeh?"

"Shikamoo bibi!"

"Paza, hasikii vizuri," mwenyekiti akasema.

Nikasimama. Nikainama juu ya ile simu, nikapaza mpaka mishipa ya shingo ikatoka: "BIBI, NAOMBA MSAMAHA! NILIKUKOSEA! NAOMBA UNISAMEHE!"

Foleni ya nje ikavunjika. Vichwa vikachungulia dirishani. Mimi niliyekwenda kudai msamaha wa hadharani, kwa sauti, mbele ya watu, nikautoa mimi. Neno kwa neno kama nilivyoupanga, ila mdomo ndio uliobadilika.

"Haya, nimekusamehe mwanangu," bibi akasema, kwa lafudhi ile ya kule milimani Mbulu. "Na wewe nani amekuudhi hivyo asubuhi yote?"

Hilo sikulitegemea. Wiki zote hizi watu wameniuliza nitarudi lini, gari liko kwa nani, Neema anasoma wapi. Hakuna aliyeniuliza hilo. Nilitaka kusema, huyu hapa, bibi, huyu anayecheka kwa mabega. Sikuweza. Nikajua nikifungua mdomo nitalia, na kulia mbele ya dirisha lile sikuwa tayari. Mabega ya Baba Neema yalikuwa yametulia.

Mwenyekiti akachukua simu, akamuaga mama yake. Halafu akasema, "Wajumbe, mimi shauri hili siwezi kulisikiliza. Mlalamikaji amenitukania mzazi. Nikimpa haki watasema namwogopa, nikimnyima watasema nalipiza. Tuahirishe mpaka mwezi ujao, akae mwenyekiti mwingine." Wajumbe wakakubali.

Hebu fikirini! Msamaha wangu sikuupata, karatasi ya kwamba wameshindwa sikuipata, na nimeandikiwa kosa barabarani. Nikatoka nje na hasira zangu zote, nikafungua gari, nikakaa kwenye usukani. Ndipo nikakumbuka siruhusiwi kuondoka peke yangu. Baba Neema alikuwa ameshasimama upande wa pili, anasubiri nimfungulie mlango.

Nikamfungulia. Ningefanyaje?

Tukarudi Bonga. Pale kwenye kona, trafiki walikuwa bado wapo, dada yule akatupungia tupite. Tulipowaacha nyuma nikaona gari linakuja mbele kwa mwendo. Nikawasha taa. Pa! Pa! Likapunguza. Dereva akanyanyua mkono kushukuru.

Baba Neema akakohoa. Akasema polepole, akitazama dirishani, "Unaendesha vizuri, Mama Neema."

Watu wawili ndani ya gari, vioo vimefungwa. Hapo ndipo nilipokasirika kuliko leo nzima. Kunidharau ni kwa maiki, kunisifu ni kwa kunong'ona! Nikamwambia, "Hayo ukayaseme mwezi ujao, barazani, umesimama, kwa sauti. Kama mimi." Nilipotazama, mguu wake ulikuwa umetulia sakafuni, haukanyagi kitu.

Ndiyo hivyo. Mwezi ujao nakwenda kwa bodaboda. Nawaomba asicheke mtu hapa. Na atakayecheka, akamwashie taa ma...

Basi. Nimemeza.