Achari Isiyo na Sukari

Mafuta, aliyeitwa hivyo kwa jinsi maneno yake yalivyoteleza, alikuwa saluni akisubiri zamu ya kunyolewa ndevu alipoisikia riziki ikiita. Mwenye saluni, mama wa makamo mwenye mikono myepesi, alikuwa akimlalamikia mteja.

"Daktari kaniachisha soda, kaniachisha keki, chai yenyewe nainywa kama dawa. Nikasema nitajiliwaza na achari. Kumbe nayo wanaitia sukari! Kila chupa nikiigeuza nyuma naikuta imejibanza katikati ya siki na chumvi, kama mwizi msibani."

"Hata mimi," akasema mteja. "Hata mimi," akasema aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia nywele.

Mafuta akasahau ndevu. Akaenda kununua makatoni ya achari ya bei ya chini kabisa, tamu kama sharubati, akaloweka chupa kwenye beseni mpaka lebo zikabanduka, kisha akabandika zake: BILA SUKARI. IMETHIBITISHWA. Imethibitishwa na nani, lebo haikusema. Ilikuwa lebo yenye adabu, haipendi kutajataja watu.

Alirudi saluni amevaa koti jeupe.

"Sukari ilinilaza kitandani, mama. Achari hii ndiyo iliyoninyanyua."

Mama Saluni akaonja. "Mbona tamu?"

"Karoti hiyo. Karoti ikikaa na siki kwa upendo, hutoa ya moyoni."

Chupa zote zikaisha.

Mama Saluni aliila achari hiyo kwa chakula cha mchana. Alipochukua kipimo chake na kujichoma kidole, sukari ilikuwa imepaa. Akanawa mikono, akapima tena. Vilevile. Akaketi kwa hofu kwenye kiti cha wateja, maana macho yake yalishaanza kuona ukungu na daktari alikuwa amemwonya. Hofu ilipopoa ikageuka hasira, na hasira ikachukua simu kumpigia yule wa koti jeupe.

"Daktari! Wateja wangu wanataka zaidi. Njoo na mzigo wote."

Mafuta akafika na pikipiki, makreti yamefungwa nyuma. Saluni ilikuwa imejaa wanawake wanaotabasamu.

"Onja kwanza, tupate moyo," akasema Mama Saluni. "Uma sijui nimeuweka wapi. Tumia mkono tu."

Mafuta akachovya vidole, akatafuna, akajilamba kwa madaha.

"Sasa nipe kidole hicho, waone sukari yako ilivyotulia."

Akampa bila wasiwasi, maana alijijua mzima. Kipimo kikalia. "Sukari imezidi hata mashine imeshindwa kuisoma!" akapaza sauti Mama Saluni. Damu yake haikuwa na kosa lolote. Kilichopimwa ni mchuzi wa achari uliobaki kidoleni. Kila mwanamke mle ndani alilijua hilo, kwa kuwa kliniki huambiwa wanawe mikono kabla ya kupima. Lakini wote wakashika vichwa.

"Yarabi! Na bado amesimama?"

"Una kiu?" akauliza Mama Saluni.

Koo la Mafuta likakauka papo hapo. "Kali, mama! Kali sana!"

"Unachoka?"

"Hata sasa miguu haipo!"

"Na umekuja na pikipiki! Ukizimia barabarani je? Lete ufunguo. Dawa yako ni kutembea kwa miguu, mboga, na maji. Makreti hayo yaache, yatakuua."

Mafuta akakabidhi ufunguo kwa mikono miwili, akashukuru, tena akatokwa na machozi. Pikipiki ikapata mnunuzi siku hiyohiyo, na kila aliyeuziwa achari akarudishiwa chake.

Siku hizi Mafuta amekonda, anatembea mji mzima, na haingii dukani bila kugeuza chupa na kuzisoma mgongoni. Juzi mwenye duka alimchangamkia.

"Chukua tu, kaka. Haina sukari hata chembe, naapa!"

Mafuta akalitazama tabasamu lile, akairudisha chupa rafuni taratibu.

"Hapana, ndugu yangu," akasema kwa uchungu wa kweli. "Mji huu una matapeli."