Pengo la Bwana Nailoni

Kadenge, ambaye pale barazani Bondeni wamwita Redio kwa sababu hana kifungo cha kuzimia, alifika akitanguliza habari.

"Mwaisikia hii?"

"Salamu kwanza!" Gunga alimkemea. Gunga ni bawabu wa mahakama, na kwa kushinda mlangoni pa sheria wamempa jina la Wakili.

"Assalamu alaikum. Haya, gari jipya likitoka tu dukani, thamani ishashuka! Hata kona halijakata!"

"Kama mahamri ya Mwanakuu," akasema Ishaq, muuza kahawa. "Asubuhi wayagombania, jioni wavulia samaki."

Walicheka wote isipokuwa Khubaib, fundi wa kanzu. Yeye aliivuta kahawa tungu kupitia pengo lake la meno ya mbele. Gari lake la mkopo, alilotaka kulifanya teksi, lililaliwa na lori kule Mbaraki, mwenyewe yumo msikitini. Alimshukuru Mungu kwa uhai, na alishukuru kwa dhati. Lakini leo watu wa bima walikuwa wamempigia simu.

"Wasema watanilipa thamani ya siku lilipopondwa, si bei niliyonunulia," akasema hatimaye. "Eti limechakaa. Wallahi limechakaaje, na nailoni ya viti sijaitoa?"

"Ndiyo maana twakuita Bwana Nailoni!" Redio akajipiga paja. "Ulinibeba hadi ufuoni Mama Ngina nikiteleza kama pweza kwenye sinia!"

"Na benki?" Wakili aliuliza kwa sauti ya mahakamani.

"Benki yataka mkopo wake wote. Nitakacholipwa hakifiki. Nitashona kanzu mpaka nizikwe na sindano mkononi, nikilipia chuma chakavu."

"Sasa si ndiyo habari yenyewe!" Redio akaruka. "Kuna bima ya ziada. Gari likiharibika kabisa, yakulipia kile kilichopungua baina ya thamani yake na deni la benki. Yaitwa bima ya pengo."

Kikombe cha Khubaib kikasimama njiani.

"Yaitwaje?"

"Ya pengo, ami. Kwani hukuulizwa siku ya kununua?"

Khubaib akafunika mdomo kwa kiganja. Alimkumbuka Purity, yule binti wa bima, na tabasamu lake la adabu.

"Niliulizwa."

"Ukajibuje?"

"Yakhe, nimevaa kanzu mpya, nimejifukiza udi, mtoto wa watu anitazama usoni aniambia, 'Mzee, na pengo je, tukufunikie?' Nikaona yuanicheka."

"Shahidi ajibu swali," Wakili akasema. "Ulijibuje?"

Khubaib aliitazama kahawa yake kama atakayeona huruma mle ndani.

"Nilimwambia, 'Liache, mwanangu. Nimeshalizoea.'"

Ishaq aliliweka dele la kahawa chini kabla halijamponyoka. Redio akalala chali barazani, kofia kule, miguu huku. Hata Wakili alisahau heshima ya mahakama.

Adhana ya Magharibi ndiyo iliyowaokoa. Wakainuka wakifuta machozi. Khubaib alitafuta makubadhi yake polepole, kama mtu asiyetaka kesho ifike.

"Sasa benki nikawaambie nini?"

Wakili akamshika bega, uso mkavu.

"Waambie kweli tupu. Pana pengo. Nao walizoee."

Khubaib alijikaza asicheke, akashindwa. Mpaka anafika mlango wa msikiti, pengo lote lilikuwa nje, halijafunikwa na yeyote.