Tulipu za Mnadani

Vitunguu vidogo vilikuwa vimelundikwa pembeni mwa soko la Makambako, havina mnunuzi hata wa kuvisogeza kwa mguu. Wenye navyo waliona hasara. Odilo aliona ng'ombe. Baba yake Stella alikuwa amesema wazi kwamba bila mtamba wa maziwa hakuna harusi, na kuna fundi magari mmoja naye anaulizia ulizia. Odilo alimpenda Stella kweli, hilo tumpe haki yake. Alipenda kila kitu isipokuwa kazi.

Alivichukua vile vitunguu kwa bei ya kutupa, akavipaka poda ya watoto, akapanda navyo gari la Njombe. Huko, kijijini Yakobi, alimchagua Mama Hulda, mke wa Mzee Elius, mwanamke mkarimu ambaye hakuweza kulala vizuri kama jirani ana ua ambalo yeye hana. Odilo alimwonyesha picha za tulipu kwenye simu: nyekundu, njano, zambarau. Kisha akafungua gunia.

Zinafanana na vitunguu, alikiri mwenyewe, ndiyo maana wasiojua huzipuuza. Akamfundisha kuzipanda ncha ikitazama juu, kwa kina mara tatu ya urefu wake, kwenye udongo usiotuamisha maji. Ua likinyauka asikate majani mpaka yageuke njano, kwa sababu mbegu inajilisha kupitia hayo hayo majani. Yote hayo yalikuwa kweli tupu, aliyatoa kwenye video. Uongo ulikuwa ndani ya gunia tu.

"Zinataka baridi, mama. Kule Dar wanaziweka kwenye friji. Ninyi Mungu amewapa friji isiyo na bili ya umeme."

"Nani mwingine hapa Njombe anazo?"

"Hakuna. Kila bibi harusi kutoka hapa hadi Makambako atapiga hodi kwako."

Hapo ndipo Mama Hulda alipolegea. Hakuwa na fedha, lakini alikuwa na mtamba. Ila alitoa sharti moja: kitu kipya hakiingii shambani kwake kabla malimbuko yake hayajafika kanisani. Gunia libaki kwake, Odilo arudi Jumapili, akabidhiwe ng'ombe wake.

Odilo, ambaye alibatizwa Mkatoliki na kanisani alionekana wakati wa pilau, alifika kwa Walutheri wale na suti ya kuazima. Alikabidhiwa kamba, akamfunga mtamba kwenye uzio wa kanisa. Wakati wa matangazo alitambulishwa kama mtaalamu wa maua, na kabla hajafika mlangoni akina mama wanne walishamwomba mzigo wa pili.

Baada ya ibada ukaanza mnada wa sadaka, pale uwanjani, kama ilivyo kawaida. Kuku wakaenda, maboga yakaenda. Mzee wa kanisa Nathanieli akainua kapu la tulipu za Mama Hulda. Mama mmoja akataja bei ya kitunguu.

Odilo akapiga hesabu. Bei ikikaa hapo, mzigo wa pili umekufa. Akafanya alichozoea kwenye minada ya mitumba: akapandisha, ili mwenye tamaa amfuate kisha aachiwe mzigo. Mama Hulda akamfuata. Akapandisha tena, naye akamfuata tena, na watu wakaanza kupiga makofi. Odilo akapandisha mara ya mwisho, juu kabisa.

Mama Hulda akajifunga vizuri kitenge chake. "Namwachia mgeni," alisema. "Yeye ndiye anayejua thamani yake."

Nathanieli alimpa Odilo kapu, akangoja. Odilo akajipapasa mifuko yote ya suti, hata ile ya urembo isiyofunguka. Kwa upole, Nathanieli akamkumbusha kwamba mnada wa Bwana haukopeshi, ila mifugo inapokelewa. Usharika mzima ukageuka kutazama uzio.

Mtamba akaletwa mnadani papo hapo. Nathanieli akaita bei, akaita tena. Hakuna aliyefungua mdomo, maana kila mtu Yakobi alijua ng'ombe yule ni wa nani.

"Jogoo mmoja," akasema Mama Hulda.

Mchungaji alitazama mawingu. Jogoo akashinda.

Odilo alimfuata mama yule hadi njiani na kapu lake mkononi, akamuuliza amejua tangu lini.

"Tangu juzi. Mzee Elius alizikaanga mbili na mayai." Mama Hulda aliikaza kamba ya mtamba mkononi. "Iliniuma, mwanangu. Nilishachagua mpaka mahali pa kuzipanda."

Odilo aliona aibu, na kwa kuwa hakuizoea, alidhani ni njaa. Simu ikaita. Alikuwa Stella, anauliza kama ng'ombe ameshapakiwa. Odilo akaanza kumweleza bei ya tulipu, na Stella akaelewa.

"Odilo," alisema taratibu, "yule fundi ameleta wawili. Wako hapa uani, wanakula maua ya mama, na baba anawatazama tu anacheka."