Mwenyekiti Mliyemrudisha Nyumbani Kwangu

Duka la Kushona la Eulalia,
Fresno, California.
14 Septemba

Kwa Ndugu Anselmo Quiroga,
Msimamizi wa Uchaguzi,
Chama cha Waandishi wa Habari wa Kilatino wa Bonde.

Kompadre Anselmo,

YAH: KUTENGULIWA KWA UCHAGUZI WA TAREHE 23 AGOSTI

Salamu kwanza. Natumaini goti lako limepoa na mkeo, komadre Ofelia, amerudiwa na hamu ya kula. Sisi huku tu wazima, isipokuwa kwa hayo yanayofuata.

Nakuandikia kwa cheo chako kwa sababu jambo lenyewe ni la kicheo, ingawa wewe ni kompadre wetu, baba wa ubatizo wa binti yetu Maribel, na siku ile alikuponyoka kidogo penye maji. Hilo tulishasamehe. Hili la sasa bado.

Kama unavyokumbuka, Jumamosi ile wanachama arobaini na watatu walikutana katika chumba cha nyuma cha mkahawa wa dada yako. Mume wangu, Heriberto Montaño, mwenyekiti wenu kwa miaka kumi na minne, alipata kura kumi na mbili. Yesenia Arroyo wa redio, mwenye miaka thelathini na mmoja, alipata kura thelathini na moja. Nimesikia watu wakisema ni sadfa nzuri, kila mwaka wa umri na kura yake. Kwa hesabu hiyo Heriberto alistahili sitini na saba, lakini sikuja kubishania hesabu.

Yesenia sina neno naye. Ni binti mwenye adabu. Alipotangazwa alimfuata Heriberto kabla ya mtu mwingine yeyote, akamshika mkono kwa mikono miwili, akamwambia, "Don Heri, sisi kila kitu tutakuja kukuuliza wewe." Kisha mkapiga makofi, mkampa saa ya ukutani, mkala, mkaenda zenu. Mtu asiye na pa kwenda mnampa saa. Tulirudi naye garini, saa kaipakata kama mtoto, na njia nzima alisema maneno matatu tu: "Nyama ilikuwa laini."

Neno langu ni kwenu nyinyi wa kamati. Nimeisoma katiba ya chama, kurasa ishirini na mbili, mbele na nyuma. Ina ibara ya kumpata kiongozi na ibara ya kumtoa. Haina hata mstari mmoja unaoeleza akishatolewa anawekwa wapi. Nadhani mlitarajia atayeyuka. Kompadre, hayeyuki. Anakuja kwangu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kifungua kinywa. Jumatatu ya kwanza baada ya uchaguzi nilimkuta jikoni amevaa tai. Pembeni ya sahani yangu kulikuwa na karatasi iliyopigwa chapa: kufungua kikao, kuthibitisha kumbukumbu za kifungua kinywa kilichopita, mayai, yatokanayo na mayai, mengineyo. Nikasema moyoni, aliyezoea kunyonga kuchinja hawezi, acha ajifurahishe. Lakini akagundua akidi haijatimia. Katika kaya ya watu watatu, alisema, mwenyekiti hahesabiwi, kwa hiyo nimebaki mimi peke yangu na mtu mmoja si mkutano. Akampigia Maribel kule Sacramento, naye unajua anamsaidia daktari wa meno.

"Baba, siwezi sasa hivi, nimeshika mdomo wa mtu."

"Kohoa tu, mwanangu, iandikwe kwamba umehudhuria."

Maribel akakohoa. Mgonjwa naye, nasikia, akakohoa. Tulipofika kwenye ajenda ya mayai yalikuwa yameganda.

2. Biashara yangu. Unalijua duka langu kuwa ni sebule yetu ya mbele, na unajua kwamba nashona magauni ya wasichana wanaotimiza miaka kumi na mitano. Kila gauni huanza na ugomvi wa mama na binti. Mimi huwaacha wagombane mpaka wachoke, kisha huwaonyesha kitambaa nilicho nacho, nao hukubali. Nimeishi hivyo miaka ishirini na sita. Wiki ya pili akaja Señora Zaragoza na binti yake Itzel na bibi mzaa mama. Mama anataka waridi, binti anataka kijani cha parachichi bichi. Walikuwa wanakaribia kuchoka pale Heriberto alipotoka jikoni na kengele.

Akaitisha kura. Waridi moja, kijani moja, bibi hakupiga, alisema kwa umri wake rangi amewaachia wenye macho. Kura zikalingana. Heriberto akaeleza kwamba katika hali hiyo mwenyekiti hutoa kura ya uamuzi, akaitoa kwa kijani, na akaisindikiza kwa hotuba ya dakika kumi kuhusu wazee kuwapisha vijana. Hotuba nzuri sana, kompadre. Angeitoa mwezi wa nane angeondoka kwa hiari yake na sote tungelia kwa fahari.

Señora Zaragoza akaninong'oneza, "Doña Eulalia, huyu ni fundi wako au ni diwani?"

Nikaona haya kusema ni mume. Nikasema ni diwani. Wakaenda kufikiri, na leo ni siku ya kumi na mbili wanafikiri.

3. Ujirani mwema. Bwana Vang wa nyumba ya pili ni mtu mtulivu, mstaafu, Mhmong wa kutoka milima ya Laos, anapanda mchaichai na pilipili na hajawahi kumkosea mtu. Alhamisi alinijia mlangoni ameshika daftari.

"Mama Eulalia, samahani kukusumbua. Mimi ni katibu wa nini?"

Kumbe Heriberto alimpa daftari kwa juu ya uzio akamwambia amepita bila kupingwa. Ni Kamati ya Mapipa ya Taka ya mtaa wetu. Nikamwambia Bwana Vang alirudishe lile daftari, hatalaumiwa. Akafikiri kidogo, akasema hapana, ila angependa tu kujua vikao ni lini. Sasa ameleta kumbukumbu za kikao cha kwanza, kurasa nne, kwa lugha ya kwao, ambayo mume wangu haisomi. Heriberto alizipitia ukurasa kwa ukurasa, akasahihisha nukta moja, akasema hajapata katibu wa namna hii tangu aanze uongozi. Kwa hiyo tambueni kwamba hapa kwangu pana chama, kina katibu, kina kengele, na mahudhurio yake yanapita yenu. Mtu asije kusema sikuwaonya.

4. Saa kumi ya jioni. Kwa miaka kumi na minne, ikifika saa hiyo simu ya ukumbini kwetu ilikuwa inalia. Mara gazeti la mji fulani limefungwa na mwandishi wake hana pa kwenda. Mara mwalimu anatafuta mtu wa kuzungumza na wanafunzi. Mara msichana aliyetoka Oaxaca ameandika kitu na hana wa kumsomea. Heriberto alikuwa anasimama pale na sahani ya maharage inapoa, anasema, "Nisomee tena hapo mwanzo." Ni kweli nililalamika wakati ule. Ulinisikia mwenyewe, na Ofelia alinisikia zaidi.

Sasa saa kumi ikifika anavaa shati lililopigwa pasi na kukaa kwenye kiti kilicho karibu na simu. Hasomi, hasinzii. Juzi nilimwona ameinua mkono wa simu, akasikiliza, akaurudisha polepole.

Nikamuuliza, "Nani?"

"Hakuna mtu. Natazama kama iko hai."

Nikamwambia ampigie Yesenia, amuulize wanaendeleaje. Akatikisa kichwa, akaniita Lala, jina langu la nyumbani. "Mwenyekiti mpya hapigiwi na wa zamani, Lala. Anaachwa apumue. Akinihitaji atapiga."

Leo ni siku ishirini na mbili. Nilirudi kwenye cherehani yangu nikashona mkono wa gauni kinyume, nikaufumua, nikaushona kinyume tena.

Kwa sababu hizo, kompadre, naomba kwa heshima zote uchaguzi ule utenguliwe na Heriberto arudishiwe kiti. Kama hilo haliwezekani, basi kiundwe cheo kipya cha Mwenyekiti Anayeagwa, mwenye cheo aagwe kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Mnaweza kumpa saa kila mara, ukuta wa ukumbini una nafasi. Kama katiba hairuhusu, basi wale kumi na wawili waliompigia kura waje hapa kwa zamu, wawili kila siku, waongozwe kwa saa moja. Chakula nitapika mimi. Na kama nao wana kazi zao, nimebaki na pendekezo moja, na nimelifikiria nikiwa na akili timamu: nichagueni mimi. Nitahudhuria kila kikao, nitakwenda kila kongamano hata likiwa San Antonio, nitakuwa nje ya nyumba jioni nne kwa wiki. Yeye atakuwa na nyumba, mimi nitakuwa na chama, na kila mtu atampumzisha mwenzake. Uandishi wa habari siujui. Lakini nimevisikiliza vikao vyenu vya kamati hapa nyumbani kupitia ukuta kwa miaka kumi na minne, na sikuona kwamba hilo ni kizuizi.

Nangojea jibu lako katika siku saba. Lisipofika, nitamleta Heriberto mwenyewe hapo kwako asubuhi, pamoja na ajenda.

Nisalimie Ofelia, na dada yako, umwambie nyama ilikuwa laini kweli. Msalimie Yesenia, nasikiliza kipindi chake nikishona. Wasalimie wote thelathini na mmoja bila kinyongo, na wale kumi na wawili kwa kinyongo kidogo, maana kila mmoja wao angeweza kuja na rafiki.

Ni mimi, mwanachama wenu kwa njia ya ndoa,

Eulalia Montaño

Nyongeza, 18 Septemba: Kompadre, barua hii usiipeleke kwenye kamati. Ilikaa juu ya cherehani ikingoja bahasha, na katikati yametokea mengine.

Jana Heriberto aliondoka alfajiri bila tai na bila kusema anakwenda wapi. Alirudi adhuhuri, viatu vimejaa vumbi la Selma. Alikuwa mashambani, kwa wanawake wanaoanika zabibu, na hakutumwa na mtu. Akaketi mezani akaanza kupiga chapa kwa vidole viwili, kama alivyokuwa akipiga nilipoolewa naye, kabla hajawa mtu mkubwa wa kuandika rambirambi na kumbukumbu za vikao. Kisha akaja dukani, penseli sikioni, akavuta kigoda.

"Lala, mama yako alikuwa anazigeuza zabibu siku ya ngapi?"

Nikamwambia ya nane, jua likiwa kali. Akauliza alijifunga nini kichwani. Nikamwambia. Akauliza mwaka ule mvua iliwahi kuja zabibu zikiwa bado chini kwenye karatasi, mama alisema nini. Nikamwambia hakusema kitu. Alikaa chini katikati ya safu, akavua viatu, akaviweka kando vizuri kama mtu aliyefika nyumbani, na sisi watoto tukakaa naye mpaka mvua ikaisha. Heriberto akaandika, akaniomba nirudie hapo penye viatu. Tumeoana miaka thelathini na nane na hakuwahi kuniuliza hilo. Niliongea mpaka pini zikaniishia mdomoni.

Kwa hiyo msimrudishe. Yesenia aongoze miaka kumi na minne yake kwa amani, na mimi nafuta ombi langu la kuchaguliwa. Heriberto anataka kuweka jina langu kwenye habari hiyo. Nimekataa mara ya kwanza, asidhani nina haraka. Akiuliza tena nitamwambia aandike la mama, kamili, alivyolitamka mwenyewe: Refugio Ballesteros, wa safu ya mwisho karibu na mfereji.