Wa Kumi na Mbili kwa Ushindi Kumi

Jumapili, 1 Februari 2026

Mechi kumi, ushindi kumi. Timu ya mpira wa wavu ya chuo chetu hapa Nizwa, Omani, haijafungwa msimu mzima, na kocha wake ni mimi, Nadhir. Siri ni ratiba. Makocha wengine wanafundisha watu kuruka. Mimi nachagua wa kucheza nao. Chuo cha wahasibu, kwa mfano, kapteni wao huvua miwani kila anapoanzisha mpira. Jumapili ijayo nafunga msimu na chuo kipya cha Tanuf, ambacho hakijashinda hata seti moja. Nimewaweka mwisho, kama mtu anavyojiwekea kipande cha halwa.

Sami, kocha wa chuo cha Ibra, kafungwa mara nne kwa kiherehere cha kucheza na vigogo. Maskini.

Kamati ya vyuo inachagua timu nane kwenda mashindano ya Sur. Sur ndiko kwa wakwe zangu. Kila Idi mashemeji wanne huniuliza kama kuna kitu nimewahi kushinda. Safari hii nimemwambia baba mkwe, mbele ya wageni wote sebuleni, majlis nzima, kwamba tarehe kumi na mbili atanikuta uwanjani na timu yangu. Ameshaalika majirani.

Jumatatu, 2 Februari

Orodha ya awali imetoka. Ibra wa tatu. Sisi wa kumi na moja. Nimeisoma kutoka juu, kisha kutoka chini. Ni ile ile.

Nikampigia Bi Fakhriya, mwenyekiti wa kamati, mwalimu wa hesabu, mtu wa Pemba. Shikamoo, marahaba, mama hajambo, wajomba hawajambo, mmoja mmoja. Halafu akanieleza kwa upole kwamba kamati haihesabu ushindi tu. Inatazama na hao uliowashinda wamemshinda nani. Wapinzani wangu kumi, ukiwajumlisha, wameshinda mechi tisa, na katika hizo, tatu upande wa pili haukutokea.

"Umeshinda, mwanangu, wallahi umeshinda," akasema. "Lakini umemshinda nani?"

Nikasema mpira ni mpira. Akasema hesabu ni hesabu. Sipendi watu wa hesabu.

Jumatano, 4 Februari

Nimemeza uchungu, nikamwomba Sami mechi. Alikubali kabla sijamaliza sentensi, jambo lililoniudhi. Wamekuja leo alasiri. Tumefungwa seti tatu kwa moja. Laith, kapteni wetu, anayemaliza chuo mwaka huu, alitoka amelowa jasho na anacheka. Alisema ile seti moja imemfundisha zaidi ya mechi kumi zote. Nikamwambia akaoge.

Baada ya Magharibi, simu ya Bi Fakhriya. Tumepanda mpaka wa nane! Kufungwa na Ibra kumeipa ratiba yetu uzito. Yaani nashinda mara kumi niko chini, nafungwa mara moja napanda. Nimefurahi mpaka nimemhurumia Sami.

Alhamisi, 5 Februari

Furaha haikufika adhuhuri. Nimekumbuka Tanuf. Hata tukiwafunga tatu kwa sifuri, ratiba inapwaya tena na tunateremka mpaka wa tisa. Msimu unafungwa Jumatatu, na kanuni inaruhusu mechi kufutwa kwa sababu moja tu, nayo ni ugonjwa.

Nikampigia Hamed, kocha wa Tanuf. Nikamwambia vijana wangu sita wako kitandani kwa tetekuwanga. Akauliza kama wana homa. Nikasema kali. Akaomba dua ndefu, nami nikaitikia amina kila alipovuta pumzi. Nilisikia aibu kidogo alipomtaja Laith kwa jina. Ikapita.

Jumapili, 8 Februari

Wamekuja. Mtu gani wa nchi hii akasikia kuna mgonjwa akabaki kwake? Vipi nilisahau hilo? Basi zima: Hamed, wachezaji kumi na wawili, katoni nne za maji, machungwa, ndizi, na mama yake Hamed, Bi Ghanima, mzaliwa wa Unguja, na mfuko wa majani ya mwarobaini ya kuwaogeshea wagonjwa. Niliwasihi wasiingie, inaambukiza. Bi Ghanima akasema yeye keshaugua tangu mtoto, akanipita.

Wagonjwa walikuwa ukumbini wanaruka kwenye wavu. Bi Ghanima akamshika Laith kidevu, akamgeuza huku na huku.

"Upele uko wapi, mwanangu?"

Laith akanitazama mimi. Ukumbi mzima ukanitazama mimi. Nikasema wamepona asubuhi.

"Alhamdulillahi," akasema Bi Ghanima. "Basi chezeni."

Tanuf wakaazima viatu vyetu. Tumefungwa tatu kwa mbili. Utampigiaje mpira wa nguvu mtu aliyekuletea machungwa? Vijana wangu hawakuinua macho. Kila Laith alipopata nafasi ya kupigilia, aliusukuma mpira taratibu upande wa pili, kama anayerudisha sahani ya jirani. Ni ushindi wa kwanza wa Tanuf tangu chuo kifunguliwe. Bi Ghanima alipiga vigelegele, kisha akatugawia ndizi.

Jumanne, 10 Februari

Orodha ya mwisho. Ibra wa tatu. Sisi wa kumi na mbili.

Laith alikuja ofisini. Alisema, kwa adabu zote, kwamba mwaka huu ulikuwa wake wa mwisho, na kwamba wao walikuwa tayari kucheza na yeyote. Neno hilo limeniuma, na naliandika hapa. Kisha nikalitafakari kwa kina. Kosa langu lilikuwa kuchagua ugonjwa unaoonekana.

Mchana baba mkwe alipiga. Akasema nije hivyo hivyo, nikae nao, tuwatazame Ibra. Nikawaona akilini mashemeji wanne, majirani wote, na Sami uwanjani. Nikamwambia mgongo umenishika tangu alfajiri, hata garini siwezi kukaa. Mgongo hauna upele. Baba mkwe alisikitika sana, akakata simu. Nikajipongeza.

Sasa hivi Rumaitha, mke wangu, ameingia kuniambia nitandaze mikeka. Baba yake na kaka zake wanne wameshatoka Sur, wanakuja kunitazama, na wamempakia mzee mmoja wa huko anayetibu migongo kwa kuichoma na chuma cha moto.

Nitawaambia maumivu yamehamia kwenye jino.