Kibuyu Alichokiweka Chini Kisyeri

Jumatatu, 2 Juni 2025
Amani ingekuwa shule, ningekuwa mkuu wake, ingawa kidato cha pili kilinishinda. Leo wamefika Nyamwaga wanafunzi wawili wa kituo cha amani cha chuo. Wako fildi wiki moja. Kiongozi wao, Ummy, anatafuta mwenyeji wa kujitolea kuwatafsiria Kikurya. Cheti kipo. Nilijitolea kabla hajamaliza kuuliza!

Jumanne, 3 Juni
Balaa. Ummy anataka ugomvi wa kusuluhisha, auandikie ripoti. Akikosa, anahamia Nyarero, na cheti changu kinamfuata. Kijiji chenyewe kimetulia kama ng'ombe walioshiba!
Nikamkumbuka Kisyeri. Tulichunga wote. Mahindi ya kuiba tukichoma pamoja, mvua ikinyesha tunajifunika shuka moja. Siku zile! Nimemwomba ajifanye kaniibia fahali. Alinitazama sana, akakubali.

Jumatano, 4 Juni
Usuluhishi, uani kwetu. Desturi ya nyumbani: aliyekosewa hunywa maziwa ya mgando kwanza, kisha humpa mkosaji kibuyu kilekile; naye akinywa, wamepatana. Nilimlilia fahali wangu hadi mama akajiuliza tulimnunua lini.
Zamu ya Kisyeri. Maneno niliyomfundisha akayaacha. Akasema taratibu, kwa Kikurya: "Mura, kijana mwenzangu, siku ng'ombe walipoingia kwenye mtama wa watu, zamu ilikuwa yako. Ukasema yangu. Baba akalipa ndama, mimi nikatolewa shule."
Ummy akauliza amesema nini. Nikatafsiri: anaomba radhi kwa fahali.
Nilisahau kwamba Kisyeri Kiswahili anakijua. Darasani alikuwa ananipita.
Nikanywa kwanza. Nikampa kibuyu. Akakiweka chini kimejaa, akaondoka. Nikamweleza Ummy kwamba huyu maziwa humsumbua tumbo.

Ijumaa, 6 Juni
Cheti! Mpatanishi wa Jamii, na jina langu, Machage! Nimekipeleka mtoni nimwonyeshe Kisyeri. Nikapiga mluzi wetu wa zamani. Ng'ombe wake waligeuka wote. Yeye hakugeuka.

Jumapili, 8 Juni
Wanafunzi wengine wanakuja Septemba. Mpango uko tayari: ugomvi wa mpaka wa shamba, na safari hii Kisyeri ndiye atakayekosewa, anywe kwanza. Atafurahi huyo!
Yote yamekwenda sawa. Kimeharibika kimoja tu. Siku ile ya mtama nilikuwa naogelea. Zamu ilikuwa yangu. Nimeliambia daftari, Kisyeri sijamwambia.